Tulivyoziba Dirisha la Bafuni

Watu wa nyumbani wakisikia nimewahi kuishi Uchina huniuliza habari za theluji. Guangzhou haina theluji. Ina baridi ya majimaji inayolala nawe kitandani, inayozifanya kuta zitoke jasho na sukari igande koponi, na nyumba hazina kitu chochote cha kuzipasha joto, maana wenyeji walishaamua zamani kwamba kusini si kwenye baridi. Wao huvaa makoti ndani ya nyumba na kuacha madirisha wazi. Sisi tuliwaona wakifanya hivyo, tukawacheka.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati Waswahili wa mji ule tulikuwa wachache kiasi kwamba mtu akinunua viatu vipya wote tunajua. Tulipanga nyumba moja wanawake watatu. Mimi nilikuwa nanunua nguo za watoto. Wenzangu walikuwa mtu na wifi yake, na kwa kuwa wote wawili waliitana wifi, mimi niliwapambanua kwa kuwaita Wifi Mkubwa na Wifi Mdogo, na majina hayo yakawashika.

Wifi Mkubwa alikuwa mfanyabiashara wa jinzi. Alizifuata Xintang kwenyewe kwenye viwanda, akazifunga marobota, akazipeleka bandarini, na kaka yake alizipokea Dar na kuziuza Kariakoo. Wifi Mdogo alikuwa mke wa huyo kaka. Aliletwa Uchina kumsaidia wifi yake kazi, ndivyo alivyoambiwa yeye. Wifi Mkubwa aliniambia sababu ya kweli wiki ileile waliyohamia, huku mwenyewe yupo palepale anachambua mchele, kama mtu anavyozungumza mbele ya paka. Miaka imepita na tumbo halijashika kitu. Mama mkwe amechoka kungoja. Posa imeshapelekwa kwa watu fulani wa Temeke, na mke wa kwanza ameletwa huku ili mambo yaende bila kelele.

Wifi Mdogo hakunyanyua uso. Aliendelea na mchele wake. Mimi nilimwambia Wifi Mkubwa kwamba hana adabu, akacheka, akasema shoga yangu una maneno. Hatukugombana. Kodi ilikuwa ya watatu.

Maji ya moto tuliyapata kwa hita ya gesi. Lilikuwa sanduku jeupe limeangikwa ukutani bafuni, mpira wake umetoka kwenye mtungi uliokaa jikoni. Ukifungua bomba, moto unalipuka ndani ya sanduku, unauona kwenye kidirisha chake, na maji yanakuja ya moto papo hapo. Halikuwa na bomba la kutoa moshi nje. Juu yake kulikuwa na dirisha dogo, na mama mwenye nyumba alikuwa amelifunga kwa waya likiwa wazi, waya umezungushwa mara nyingi ili lisifungike kamwe. Siku anatupa funguo alilipiga lile dirisha kwa kiganja, akatusemea Kikantoni kirefu, akaonyesha hita, akaonyesha dirisha, akaonyesha chini ya mlango ulipokuwa umekatwa ukaacha nafasi. Tuliitikia kwa vichwa. Tulidhani anaogopa ukungu kwenye kuta zake.

Dirisha lile lilitazamana na jiko la nyumba ya pili, karibu kiasi kwamba ungeweza kumpa mwenye nyumba ile chumvi mkononi. Kila ukiingia kuoga kulikuwa na mwanamume mle amevaa singlendi, anakaanga. Nadhani hata siku moja hakututazama. Lakini sisi ni Waislamu, na mwanamke haogi mbele ya singlendi ya mtu. Kwanza tulitundika kanga. Upepo ukawa unaipeperusha. Kisha baridi ikaingia, na Wifi Mkubwa akasema basi, sasa imetosha.

Ni lazima mjue namna mwanamke yule alivyokuwa akifunga mzigo. Nguo zinazokwenda kwa meli hukaa baharini muda mrefu, na unyevu ukipenya unapokea ukungu badala ya jinzi. Yeye hakuwahi kupokea ukungu. Aliweza kuwafungulisha wapakizi robota zima kwa sababu ya uwazi wa kidole, akawasimamia wamekunja nyuso, naye anasema mei you, mei you, neno lao la kukatalia, mpaka walifunge upya kama anavyotaka. Basi dirisha la bafuni alilifunga kama robota la kwenda Dar. Alikata waya kwa koleo, akalisukuma likajifunga, akaweka nailoni, juu yake katoni, juu yake nailoni tena, kisha akapiga gundi ya utepe ya kufungia makatoni pande zote, akiipitishia ukucha ishike. Chini ya mlango akasokota mabaki ya jinzi, akayasindika kwa kisu.

Nyumba ikapata joto. Sitaki kusema uongo, nilimsifu. Tuliacha maji ya moto yatiririke kwenye ndoo ili mvuke utoke ukumbini, tukakaa sebuleni bila soksi, tukaona tumewashinda Wachina kwa akili.

Na si kwamba tulikuwa wajinga wa moto. Hakuna mwanamke wa pwani asiyejua kwamba jiko la mkaa haliingizwi chumbani ukafunga mlango. Nimezika watu kwa hilo. Lakini mkaa una moshi, unakohoza, unakuonya. Gesi kwetu ilikuwa kitu cha matajiri, kitu safi. Tulichokiogopa ni mtungi kuvuja, na kwa hilo tulikuwa hodari: tulipaka mpira povu la sabuni tukatazama kama linatoa mapovu, na yeyote aliyetoka jikoni alinusa kwanza. Tuliogopa gesi isiyowaka. Inayowaka hakuna aliyeifikiria.

Kazi ya Wifi Mdogo ilikuwa kufua. Sampuli za jinzi zilifuliwa kwa maji ya moto kuona kama zinachuja rangi, na zilifuliwa bafuni, mlango umefungwa ili joto lisitoke. Yeye pia ndiye aliyetupikia, aliyebeba marobota ngazini, aliyeamka kabla yetu kutuchotea maji ya kutawadhia. Haukupita muda akaanza kulalamika kichwa. Kisha kizunguzungu. Kisha miguu imelegea, anakaa chini katikati ya kazi na mikono imejaa povu.

Wifi Mkubwa alilitazama jambo hilo kibiashara. Alinionyesha kwamba akitoka naye sokoni mwanamke anachangamka, anatembea, hata anacheka, na akirudi nyumbani kwenye beseni anaumwa. Hayo ni maradhi gani yanayojua saa ya kazi? Alimwita mvivu mbele ya wageni. Alimwita mvivu kwenye simu, mume akiwa upande wa pili, na mume akasema amkazanie. Mimi mwenyewe kichwa kilikuwa kinanigonga kila nikitoka kuoga, nikasema ni unyevu, nikanywa panadoli nikatoka kwenda kwenye shughuli zangu.

Asubuhi moja Wifi Mdogo alitoka bafuni mbio akatapika kwenye sinki la jikoni. Akatapika tena kesho yake. Wifi Mkubwa akaacha chai, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu nimewajua, akamuuliza swali la kike. Akajibu kwamba amepitisha siku zake, na tena si kidogo.

Sijapata kuona nyumba ikigeuka vile. Wifi Mkubwa, mwenye mkono wa birika, alikwenda akarudi na maziwa, na machungwa, na kuku mzima. Akamvua ndoo mkononi. Akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe. Kuna mambo yetu ya kimila kuhusu mimba changa: haitajwi, haipelekwi hospitali mapema, isije ikapata jicho. Basi hakupimwa. Lakini Wifi Mkubwa alikimbilia simu palepale, akamwambia mama yake, na mama yake akawaambia Ilala nzima, na posa ya Temeke ikaahirishwa kwa maneno mazuri.

Siku ile mume alipiga simu mwenyewe. Kila mara alikuwa anaongea na dada yake mpaka muda unakwisha, anasema msalimie huyo. Safari hii alisema, nipe mke wangu. Wifi Mdogo aliipokea ile simu kwa mikono miwili. Hakusema mengi, alikuwa akiitikia abee, abee, machozi yanamtiririka mpaka kwenye kidevu, na alipoiweka chini akatuambia kwamba amemuuliza anataka nini cha kula. Kuolewa kwake kote hakuwahi kuulizwa hivyo. Nililia pamoja naye, na mimi si mtu wa kulia.

Kwa kuwa sasa alikuwa na mzigo wa thamani, tukazidisha kumlinda na baridi. Wifi Mkubwa akaipitia gundi ya dirishani upya pale ilipoanza kubanduka kwa mvuke. Alimkataza kubeba, alimkataza kutoka sokoni kwenye upepo. Kufua akamwachia, kwa sababu kufua ni kazi nyepesi, tena ni penye joto. Na kila jioni alimwekea kigoda mle bafuni, akafungulia maji ya moto, akamkanda mgongo na miguu kama mzazi. Mgonjwa alizidi kutapika na sisi tulizidi kufurahi. Alipoanguka mara ya kwanza Wifi Mkubwa alisema hiyo ni dalili ya mtoto wa kiume.

Mara ya pili alianguka akiwa peke yake mle ndani. Ilikuwa Ijumaa, mchana kweupe, anaoga. Maji yalikuwa yanatiririka muda mrefu mno, nikamwita, hakuitika. Tukausukuma mlango mpaka komeo likang'oka. Alikuwa amelala chali sakafuni, ndoo imemgeukia, midomo yake imeiva kama ya mtu aliyepaka rangi. Kwenye kidirisha cha hita moto haukuwa wa buluu, ulikuwa wa manjano, mrefu, unalamba huku na huku, na dari juu yake lilikuwa na masizi meusi ambayo sote tulikuwa tumeyaona na kuyaita uchafu.

Nilimshika makwapani nikaanza kumvuta. Wifi Mkubwa alinizuia. Hakuwa ananizuia kwa ubaya, naapa, alikuwa anatafuta kanga. Mwanamke yu uchi na ngazini kuna wanaume. Alisema, "Msitiri kwanza," akaingia chumbani kuitafuta, na mimi nikabaki nimemshika mtu asiyepumua vizuri, kichwa changu mwenyewe kinazunguka, nangoja kanga. Nilitukana tusi ambalo siwezi kuliandika, nikamvuta hivyohivyo mpaka ngazini.

Hewa ya nje ikampiga, akakohoa. Mama mwenye nyumba alipanda kwa zile kelele. Hakumtazama Wifi Mdogo. Alipita juu yake, akaenda moja kwa moja bafuni, akazima hita, akachana katoni na nailoni na gundi yote kwa kucha huku anafoka, kisha akachomoa yale mabaki ya jinzi chini ya mlango akaturushia usoni. Baadaye tulielezwa alichokuwa anasema. Alikuwa anasema mtu akifia ndani, nyumba haipangiki tena.

Hospitali walimtia hewa ya oksijeni usoni. Tulimwita mwanafunzi mmoja wa kwetu, kijana wa bara aliyekuwa anasoma udaktari kwa kufadhiliwa, aje kututafsiria. Alitueleza polepole, kwa heshima, anatuita mama. Moto unakula hewa kama anavyokula mtu. Hita ile isiyo na bomba inataka hewa safi iingilie chini na chafu itokee juu, ndiyo maana mlango ulikatwa na dirisha lilifungwa waya. Moto ukinyimwa hewa hauzimiki, unageuka manjano na kuanza kutoa sumu isiyo na rangi wala harufu, na aliyemo ndani anaumwa kichwa, anazunguka, anatapika, analala. Akikaa sana, haamki.

Wifi Mkubwa alisikiliza yote hayo bila kupepesa. Kisha akauliza, "Na mtoto?"

Kijana alimgeukia daktari. Wakasemezana. Damu ilikuwa imeshachukuliwa na majibu yalikuwa kwenye karatasi mkononi mwa daktari. Kijana akatazama sakafu, akasema hakuna mtoto. Wifi Mkubwa akamwambia muulize vizuri, labda ametoka kwa kuanguka. Akauliza. Hakuna aliyetoka, mama, hakuwahi kuwapo. Siku zake zimepita kwa uchovu na maradhi.

Wifi Mdogo alikuwa macho. Lile kopo la hewa lilikuwa limemfunika mdomo na pua, kwa hiyo tulichokiona ni macho tu. Wifi Mkubwa akavuta mtandio wake vizuri, akasema, "Kwa hiyo ulikuwa unatapika gesi." Akatoka nje kutafuta kibanda cha simu, na mgonjwa hajamaliza hata tungi la kwanza la ile hewa.

Nilimchukia pale. Namchukia mpaka leo, ingawa nasikia ameshahiji na anasaidia mayatima.

Tuliporudi nyumbani dirisha lilikuwa wazi, limefungwa waya mpya mnene kuliko ule wa kwanza, na baridi imejaa kila chumba. Singlendi alikuwa kwenye jiko lake anakaanga. Tukawa tunaoga gizani, taa imezimwa, haraka haraka, tunatetemeka. Na Wifi Mdogo akapona. Alipona vibaya sana: kichwa kikaacha, miguu ikapata nguvu, akala akashiba, na siku zake zikarudi kama zilivyokuwa. Maziwa yalikoma. Kile kiti kikarudi kwa mwenyewe. Akarudishwa kwenye marobota ngazini, kwani mtu mzima huyu, anaumwa nini?

Habari zilienea kwa wenzetu wote, na watu wa biashara wakiwa hawana kitu cha kufanya wakati oda hazijatoka kiwandani ni wabaya. Wakaibatiza mimba ya mtungi. Mwanamume mmoja mwenye heshima zake alimuuliza sokoni, mbele yangu, kama anatarajia kujifungua kilo ngapi. Wote walibaki meno nje, na Wifi Mkubwa akacheka kuliko wote. Mume hakupiga tena simu kumwulizia. Temeke kukapelekwa watu upya, safari hii na mahari mkononi.

Siku moja nilirudi mchana, kiwanda kiliniangusha nikakata safari. Nilisikia maji bafuni. Mlango ulifunguka nilipousukuma. Wifi Mdogo alikuwa amekaa kwenye kigoda amevaa nguo zake zote na koti juu, maji ya moto yanatiririka bure, na dirishani amesindika blanketi lake. Hakuwa anafua wala kuoga. Alikuwa amekaa tu, mikono mapajani, kama mtu anayengoja zamu kwa daktari.

Nilizima hita, nikalivuta blanketi, nikamtoa nje kwa mkono, nikamzaba kofi. Nilimuuliza kama anataka kufa. Alionekana kushangaa hasa.

"Kufa? Sikutaka kufa, dada," alisema. "Nilitaka nitapike, wifi anisikie."

Nilimkumbatia, akanisukuma kwa adabu, akaenda kuweka maji ya chai. Sikumwambia Wifi Mkubwa. Nilichofanya ni kuling'oa komeo jipya la bafuni nikalitupa, ili asiweze kujifungia, na nikawa sitoki bila kujua na yeye yuko wapi. Ndiyo yote niliyoweza. Pole sikumpa, kwa kuwa pole yenyewe angeipeleka wapi.

Harusi ikapangwa. Kwetu mume humpelekea bibi harusi sanduku, limejaa nguo, viatu, manukato, mikoba, na watu hulifungua mbele za wageni na kuhesabu kila kitu kwa vigelegele. Kwa kuwa dada mtu alikuwa Guangzhou, penye kila kitu, sanduku lilinunuliwa Guangzhou. Asubuhi moja, tukiwa kwenye chai, Wifi Mkubwa akasema kwa sauti ya upole kabisa, ile aliyokuwa akiitumia siku za maziwa, "Wifi, wewe una jicho la nguo kunishinda. Leo utatusaidia kumchagulia mwenzio."

Nilimtazama Wifi Mdogo nikingoja angalau avunje kikombe. Aliitika abee, akaenda kuvaa viatu.

Nilifuatana nao. Tulizunguka maduka ya vitambaa kutwa nzima, na ni kweli alikuwa na jicho. Kila Wifi Mkubwa alipotaka kuchukua cha rahisi yeye alimrudisha kwenye kizuri, akikisugua kati ya vidole, akikigeuza kuona upande wa ndani. Alichagua hariri ya rangi ya maji ya machungwa, akaichagulia na utepe. Kisha tukaingia Kangle, kwenye vichochoro vya mafundi, kushonesha gauni la siku yenyewe. Fundi alisimama na utepe wake wa kupimia akauliza kwa mikono, vipimo vya nani? Bibi harusi alikuwa Temeke. Wifi Mkubwa akasema wanalingana hawa, mpime huyu.

Wifi Mdogo alivua koti akanyanyua mikono. Fundi akampima mabega, kifua, kiuno, anasoma tarakimu kwa sauti na msichana wake anaandika. Alipomaliza, Wifi Mdogo hakushusha mikono. Aliniambia mimi, hakumwambia wifi yake, maana mimi ndiye niliyekijua Kichina kidogo, "Dada, mwambie kiunoni ni hivyo hivyo. Lakini hapa tumboni akunje kitambaa cha kutosha kwa ndani. Mwenzangu atakuja kukifumua."

Nilimwambia fundi kwa maneno niliyokuwa nayo na kwa vidole, akaelewa, akatia alama kwa chaki.